Deni la Punda wa Gatina

Zamani za kale hazikuwa na soko la hisa, kwa hivyo hekaya hii ni ya zamani za juzi. Mwaka ulikuwa 2006. Serikali ya Kenya iliamua kuuza asilimia 30 ya KenGen, kampuni inayozalisha umeme kwa maji ya Mto Tana na mvuke wa Olkaria, na bei ikatangazwa: shilingi 11.90 kwa hisa. Tangazo halikusema popote kwamba wanyama hawaruhusiwi. Wakapanga foleni pamoja na watu, na benki, ambayo haijawahi kumfukuza mwenye pesa taslimu, ikawapokea.

Punda wa Gatina, Kawangware, wakati huo bado alikuwa na mabega. Asubuhi alivuta mkokoteni wa mitungi ya maji, jioni wa makaa, yote mali ya tajiri mmoja aliyemlipa pumba na ahadi. Jinsi alivyodunduliza pesa ya hisa ni hekaya nyingine. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara tatu, watu wakakatiwa, na Punda akaishia kupata hisa 1,000 kwa shilingi 11,900. Kwenye fomu, palipoulizwa anwani, alijaza sanduku la posta la tajiri wake, maana punda ana zizi, hana posta. Msomaji na alikumbuke sanduku hilo.

Kibera, upande wa Makina, Mbuzi ajuza ambaye watoto wa Wanubi humwita Haboba, yaani bibi, naye alipata hisa 1,000. Mkiniuliza mbuzi gani anaishi miaka ishirini, nitawaambia kwamba katika hekaya mbuzi huishi kadiri anavyohitajika.

Mei ya mwaka huo KenGen iliingia Soko la Hisa la Nairobi, na siku ya kwanza tu bei ikagusa 40. Punda alizunguka kutoka Gatina hadi Congo akitangaza kwamba sasa yeye ni mmoja wa wenye umeme wa taifa hili. Zizi lake lilikuwa na koroboi. Haboba hakutangaza kitu. Aliuza hisa 500 wiki hiyohiyo, akanunua mabati, na mvua za Novemba zilimkuta amelala pakavu.

"Mbuzi ni mbuzi," Punda alisema akicheka hadi magego yakaonekana. "Akiona kijani hana subira."

Miaka ikapita. Mwaka 2008 Safaricom nayo ikauzwa, shilingi 5 kwa hisa, waombaji zaidi ya laki nane, na wengine walikopa ili wapange foleni. Punda hakununua kwa sababu tajiri alikuwa hajamlipa. Umaskini ulimwokoa, maana kabla mwaka haujaisha hisa ile ilikuwa imeanguka chini ya shilingi 5. Miaka kumi na mitatu baadaye ilipita 40, na umaskini uleule ukawa umemnyima utajiri. Mwenye kutafuta funzo hapo alitafute mwenyewe, mimi sikuliona.

KenGen ilienda njia yake. Visima vya mvuke huko Olkaria vinachimbwa kwa mabilioni, na mabilioni hukopwa. Mwaka 2016 kampuni ikawaendea wenye hisa: kila mwenye hisa moja anunue mbili mpya kwa shilingi 6.55 kila moja. Serikali, yenye asilimia 70, haikutoa noti. Iligeuza mikopo iliyokuwa ikiidai kampuni kuwa hisa. Punda hakuwa na mkopo wa kugeuza wala noti ya kutoa. Alibaki na hisa zake 1,000 katika kampuni ambayo sasa ilikuwa na hisa mara tatu ya zile za kwanza. Sehemu yake ilipungua hadi theluthi bila yeye kuuza hata moja. Na kuanzia 2016 ikaja miaka ambayo gawio halikutoka kabisa.

Katika miaka hiyo ndipo magoti ya Punda yalipokwisha. Tajiri alinunua pikipiki. Siku ya kumwaga Punda alimpa hotuba ndefu kuhusu uaminifu na furushi fupi la nyasi. Punda hawachangiwi pensheni, wala hakuna ofisi inayowapokea wakifika umri. Kulikuwa na machinjio, hilo kweli, ambako ngozi zilinunuliwa zipelekwe China, hadi Serikali ilipoyapiga marufuku mwaka 2020. Mjukuu wake, kijana mwenye simu kubwa kuliko akili, alikuwa akimtania: "Guka, ngozi yako imepanda bei kuliko hisa zako." Utani ulikuwa wa kweli, ndiyo maana haukuchekesha.

Mwishoni mwa 2023 hisa ya KenGen ilikuwa kwenye shilingi 2 hivi. Gawio la mwaka huo lilitangazwa: senti 30. Punda alipiga hesabu kwa kwato ukutani. Hisa 1,000 mara senti 30 ni shilingi 300. Kodi ya asilimia 5 hukatwa kabla pesa haijakufikia, kwa hiyo 285. Pakiti moja ya unga na mboga ya siku moja. Alitazama ile hesabu, akatazama 11,900 aliyokuwa ameichonga juu yake mwaka 2006, akapiga mlio uliosikika hadi Kangemi.

Chama cha wazee kiliitishwa Jumapili, Kibera, nyuma ya nyumba ya Haboba, ambako reli inapita karibu kiasi kwamba mjadala husimama treni ikipita na huendelea pale ulipoachwa. Punda alishuka Naivasha Road, akashika Ngong Road pale Dagoretti Corner, akafika Toi akiwa anachechemea. Ajenda ilikuwa moja: auze au ashikilie? Chai iliyonywewa siku hiyo, nawaambia mapema, iligharimu zaidi ya gawio lililokuwa likijadiliwa.

Kunguru ndiye aliyetangulia kusema. Kunguru ni dalali.

"Uza," alisema. "Uza leo. Nina hisa nyingine ya kukununulia kesho."

"Na ile nyingine ikishuka?"

"Tutaiuza."

Kila alipotamka "uza" na kila alipotamka "nunua", mdomo wake ulifunguka sawasawa, maana ujira wake hukatwa kwenda na kukatwa kurudi. Hakudanganya hata neno moja.

Kisha akasimama Korongo. Huyu ni mshauri, ana upara na koti jeusi, na husimama kwa mguu mmoja juu ya jaa akiangalia mbali. "Mwekezaji makini," alisema, "haangalii bei ya leo. Anaangalia muda mrefu. Shikilia."

"Muda mrefu ni miaka mingapi?" Punda aliuliza.

"Inategemea."

"Mimi nina magoti ya miaka miwili."

Korongo alibadilisha mguu. Lazima niseme hapa kwamba sina chuki na Korongo. Mara nyingi anachosema kimeandikwa vitabuni. Shida ni kwamba yeye hula jaani. Hajawahi kulala njaa akisubiri gawio, na neno "subira" kinywani mwa aliyeshiba huwa na ladha ambayo mwenye njaa haipati.

Mjukuu alipendekeza wauze zote, shilingi 2,000 ziingizwe kwenye kamari ya simu, na jioni wawe matajiri. Alitazamwa. Akarudi kwenye simu yake.

Hapo mtu mmoja, nadhani ni Bata, akaanza: "Kama una kuku, na kuku hatagi vizuri..."

"Mimi si hisa!" Kuku alipaza sauti kutoka ukutani. "Kila mkifika kwenye pesa mnanitaja mimi. Mayai, mayai! Mimi nikiacha kutaga najua sababu. Mmeuliza kwa nini kampuni haitagi?"

Lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa hadi hapo, na kwa kuwa liliulizwa na Kuku, halikuandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Lakini Panya alilisikia. Panya ni mtunza nyaraka wa Kibera. Amelala juu ya magazeti ya miaka ishirini, na anayosoma huyatafuna baadaye, kwa hiyo kumbukumbu yake haina nakala ya pili.

"Ziko sababu, na hazifanani," Panya alisema. "Chukueni Mumias. Sukari. Iliingia soko mwaka 2001 kwa shilingi 6.25. Mwaka 2006, mwaka uleule wa foleni yenu, Serikali iliuza fungu jingine kwa 49.50. Waliosema 'tutashikilia' walishikilia. Mwaka 2019 benki iliyokuwa inadai ikaweka mrasimu, yaani msimamizi wake, na hisa ikasimamishwa sokoni. Hawawezi hata kuuza kwa hasara. Kule subira haikuwa subira, ilikuwa kukosa habari. Kiwanda kilikuwa kimekauka miwa na pesa miaka kabla bei haijakubali."

"Na KenGen?"

"KenGen inazalisha. Umeme mwingi wa nchi hii unatoka kwake. Faida inapatikana. Ila mteja wake ni mmoja, Kenya Power, na Kenya Power ikichelewa kulipa, KenGen inasubiri, na KenGen ikisubiri, wewe unasubiri nyuma yake. Juu ya hapo kuna mikopo ya visima, na juu ya mikopo kuna mwenye asilimia 70, ambaye ndiye anayeketi mezani gawio likiamuliwa. Mwaka akitaka pesa, gawio hupatikana. Mwaka akitaka visima, hupati."

Treni ikapita. Wote wakanyamaza, Kunguru akala kaimati ya jirani.

Punda aliposimama tena, alisema kile ambacho alikuwa amekuja kukisema. "Mimi sitauza mpaka irudi 11.90. Nilitoa 11.90. Soko lina deni langu. Litanilipa, halafu nitaondoka."

Wengi wakapiga makofi. Ni hotuba inayopendwa. Nimeisikia kwa binadamu wenye shahada. Haboba ndiye ambaye hakupiga. Alikuwa akitafuna kipande cha katoni polepole, kama kawaida yake akifikiri.

"Punda mwanangu," alisema, "hiyo hisa inajua ulinunua kwa ngapi?"

"Haijui."

"Aliyeuziwa jana kwa shilingi 2, gawio lake litakuwa pungufu kuliko lako?"

"Litakuwa sawa. Senti 30."

"Basi yeye anapata senti 30 kwa kila shilingi 2. Hiyo ni asilimia 15. Hati za Hazina za miezi mitatu zinalipa kama 16 sasa hivi, na watu wanazipigania. Wewe na yeye mna kitu kilekile. Yeye anakiona chakula, wewe unakiona msiba. Tofauti yenu ni ile namba uliyoichonga ukutani."

Kunguru aliona nafasi. "Kwa hiyo anunue zaidi!"

"Nyamaza wewe. Hati za Hazina hulipa kwa ahadi ya Serikali, tarehe inajulikana. Gawio hulipwa wakurugenzi wakipenda. Lilikufa kwa miaka, na hakuna aliyempelekea Punda barua ya pole. Kwa kijana, mwaka bila gawio ni hasira tu. Kwa mzee asiye na mshahara ni njaa." Alimgeukia Punda. "Magoti yanahitaji nini?"

"Daktari wa mifugo anataka 700. Dawa na nyasi za mwezi huu."

"Una wapi pengine pa kuzitoa?"

Punda akatazama chini.

"Basi swali lako si kuuza au kushikilia. Umeuliza swali la mtu mwenye pesa nyingine. Uza 400, pata hiyo 800 ambayo dalali atainyofoa kidogo, tibu magoti. Zilizobaki 600 ziache, kwa sababu kampuni haijakauka na bei hii inalipa. Lakini uziache kwa sababu hiyo. Usiziache kwa kusubiri deni, maana hakuna anayekudai wala unayemdai."

Korongo alisema kwamba kuuza bei ikiwa chini kabisa ni kosa la kwanza linalofundishwa. Haboba alimwuliza kama angependa kulipa zile 700. Korongo akaona kitu mbali sana upande wa Nairobi Dam, akaruka kwenda kukichunguza.

Hapo ndipo mkutano ungekwisha. Lakini Haboba, ambaye aliishi na Wanubi walioyapigania makaratasi ya ardhi ya Kibera vizazi na vizazi na akajifunza kwao kutoamini kitu kisicho na risiti, aliuliza swali moja la nyongeza, akiwa tayari anakusanya vikombe.

"Na gawio za kabla ya 2016 ulizifanyia nini?"

"Zipi?"

Vikombe vikatulia. "Punda. Kampuni hii ililipa tangu ilipoingia soko hadi 2015. Mwaka huo wa 2015 peke yake ilikuwa senti 65. Mimi kwa hisa zangu 500 nilisomesha mjukuu nusu muhula, si haba. Hundi zilikuja kwa posta."

Punda alifungua kinywa, akafunga. Posta. Sanduku la tajiri. Tajiri aliyehama Kawangware hata kabla ya kununua pikipiki, asiyejua wala kujali kwamba bahasha zenye dirisha la plastiki zilikuwa zikimjia punda wake. Miaka karibu kumi Punda alikuwa akitazama bei, bei, bei, asubuhi na jioni, kwenye redio ya kinyozi. Gawio, kitu pekee ambacho hisa ile ilikuwa ikimtumia kwa jina lake, hakuwahi kulitafuta. Alikuwa ameihukumu hisa kwa uvivu, na sehemu ya uvivu ilikuwa kwenye sanduku.

Sikusudii kuitetea kampuni. Hisa iliyogusa 40 na ikafika 2 haina wakili. Hata hivyo nimekaa na wastaafu wa miguu miwili wanaoweza kukutajia bei ya kila Ijumaa tangu 2006 lakini hawajui kama akaunti yao ya hisa ina namba ya simu wanayoitumia leo. Wanataka waambiwe wauze au washikilie. Ni swali tamu, lina Kunguru upande huu na Korongo upande ule, na linaweza kujadiliwa hadi chai iishe. Kubadilisha anwani hakuna anayekujadili.

Panya alichimba kwenye magazeti yake, akatoka na kipande. Gawio zisizochukuliwa, kilisema, hazibaki kwa kampuni milele. Muda wa kisheria ukipita, hukabidhiwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na mwenyewe au warithi wake wanaweza kuzidai. Kunguru aliuliza kama kuna ujira kwa dalali. Alipoambiwa hakuna, aliaga.

Punda aliuza zile 400. Magoti yakapata dawa. Miezi ikapita, na sasa sikilizeni wanafiki. Gawio la mwaka wa fedha wa 2024 lilikuwa senti 65. Mwaka 2025 bei ilipanda zaidi ya mara mbili, ikapita shilingi 8, na Korongo akatembea Kibera nzima na upara unang'aa: "Nilisema shikilia! Nilisema!" Kunguru naye alisema aliwahi kusema "nunua zaidi", na hilo ni kweli, alisema, baada ya kusema "uza". Mjukuu alikokotoa kwenye simu yake jinsi zile 400 zingekuwa na thamani gani, akamsomea babu yake kwa sauti.

Punda alilia kidogo, halafu akaenda kumlalamikia Haboba.

"Ungeziacha," Haboba alimjibu, "leo zingekuwa zako au za mrithi wako?"

Punda alipima uzito juu ya magoti yake, la kulia, la kushoto. Yalisimama.

"Na ikirudi 11.90?" aliuliza.

"Bado haijarudi. Ikirudi utaamua siku hiyo, kwa shida za siku hiyo. Madai umepeleka?"

"Nimeambiwa nilete kitambulisho, na barua ya kuthibitisha anwani ya zamani."

"Basi nenda ukaitafute hiyo barua, unafanya nini hapa?"

Punda alikuwa bado kwenye foleni hekaya hii ilipoandikwa. Nawe uliyenunua mwaka 2006 au 2008 kwa sanduku la posta la shule uliyofundisha, la kiwanda kilichofungwa au la mjomba aliyefariki, usimwulize mtu bei ya leo kwanza. Nenda kwa dalali wako na kitambulisho, rekebisha anwani na namba ya simu, uliza gawio za nyuma ziko wapi, na kama zimeshakabidhiwa Mamlaka, zidai. Ni zako.